Mama Pasi Autandikia Mteremko

Mama mkwe wangu ni dobi, na mkono wake hauwezi kupita juu ya kitambaa bila kukinyoosha. Kaa naye kwenye benchi la zahanati mkisubiri kuitwa. Utakapoinuka kola yako itakuwa imelala sawa, na hutajua aliigusa saa ngapi. Mtaani wanamwita Mama Pasi. Wanawe wakiwa na hasira naye humwita hivyo pia, ila kwa sauti ya chini na wakiwa wameshavuka geti.

Mara ya kwanza nilipokwenda kwake nilikuwa kijana fundi baiskeli ninayetaka kumposa binti yake. Njia nzima nilikuwa nikijifunza maneno ya kusema. Nilipoketi, yote yakayeyuka. Yeye alinitazama shingoni.

"Vua," akasema.

"Nivue, mama?"

"Shati. Hiyo kola umeipiga pasi kwa nje tu. Kola huanzwa kwa ndani, la sivyo inajikunja kama sikio la mbwa."

Nikakaa sebuleni na fulana yenye tundu kwapani, mikono nimeibana, huku binti yake akicheka nyuma ya pazia mpaka akashikwa na kwikwi. Shati liliporudi lilikuwa la moto. Nikalivaa hivyo hivyo, nikijikaza kisabuni.

"Haya, mwanangu," akasema, "sasa sema ulilokuja kusema."

Nikatoa maneno machache, mengine akanimalizia mwenyewe. Tangu hapo tumeishi hivyo. Mimi naanza, yeye anamalizia, na sijawahi kumlalamikia.

Nyumba yake iko chini ya mteremko. Marehemu mume wake aliijenga chumba baada ya chumba, kila alipopata nafasi, kwa hiyo hakuna milango miwili inayolingana. Nyuma ya jiko kuna ua wa saruji, karo mbili za kufulia, tangi la maji, na kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta. Shuka za nyumba ya wageni, makoti meupe ya wauza dawa, vitambaa vya meza vya mkahawa, vyote vimepita pale na kutoka vimekunjwa kama vitabu. Ua ukiisha, mteremko unaanza, mkali, wa udongo mwekundu, mpaka kwenye ukuta wa jirani wa juu.

Zamani mteremko ule ulishikwa na vichaka. Jirani wa juu, mwalimu mstaafu, alipojenga ukuta wake, mafundi wake walivifyeka vyote ili wapate mahali pa kusimama. Mvua iliyofuata tope likashuka mpaka uani. Iliyofuata tena likaingia jikoni, na Mama Pasi, aliyekimbilia kuokoa kapu la makoti meupe, akateleza na kuvunjika kifundo cha mkono. Makoti hayakupata hata doa. Alianguka ameliinua kapu juu, kama mtu anayevuka mto na mtoto.

Shemeji yangu mkubwa, kifungua mimba wake, ndiye aliyempeleka hospitali. Huyu ni mtunza ghala kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno makavu, anaongea kama anayehesabu mifuko ya saruji. Alikuwa ameshaupima mteremko ule na kuona kwamba ukuta wa kuuzuia ungebidi uanzie chini ya msingi wa nyumba ya Mwalimu. Haikuwezekana. Mama alipotoka hospitali na plasta mkononi, shemeji akatukusanya sebuleni.

"Mama, unahamia kwangu."

"Ghorofa ya tatu?"

"Ghorofa ya tatu."

"Nguo nitaanika wapi?"

"Hutafua tena. Utapumzika."

Mama Pasi akamtolea macho kama ameambiwa apumzike kuvuta pumzi.

"Mimi nikipumzika nitachacha, na nyumba yako itanuka."

"Mama!"

"Nasema kweli. Mtu aliyezoea sabuni ukimkalisha kwenye kochi anaota ukungu. Utaniona na madoa ya kijani."

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakapatana mbele yetu sote: mama apewe mpaka mvua kubwa zijazo. Tope likiingia jikoni tena, anafunga mlango na kuhamia ghorofani, bila kununa. Lisipoingia, shemeji halitaji tena neno ghorofa maisha yake yote. Hilo la "bila kununa" shemeji alilirudia mara kadhaa, kwa sababu anamjua aliyemzaa.

Mmea wa kuushika mteremko Mama Pasi aliuona kwenye ile nyumba ya wageni, siku aliyopeleka shuka. Nyuma ya jengo, chini ya mti mkubwa ambako hata magugu yalikuwa yamekata tamaa, udongo wote ulifunikwa na majani madogo mazito, ya kijani cha chupa, yanang'aa kama yametiwa wanga. Kilikuwa kiangazi kikali na kila kitu kingine kilikuwa rangi ya gunia. Mtunza bustani alikuwa akiyakata kwa panga bila huruma, kama anayenyoa kichwa cha mtoto mtundu.

"Unaua, baba!" Mama Pasi akamwambia.

"Huu? Huu haufi, mama. Nilipoajiriwa niliukuta, na nitauacha. Unavyoukata ndivyo unavyonenepa. Kila kifundo cha tawi kikigusa ardhi kinatoa mizizi yake."

"Unaitwaje?"

"Wenye nyumba walikuwa na jina lake refu. Mimi nauita huu huu."

"Na maji?"

"Mpaka ushike tu. Ukishashika, achana nao, jua, mvua, utajijua wenyewe. Hautaki kubembelezwa. Ukiubembeleza ndipo unakufa."

Mama Pasi akacheka, akasema amewahi kuishi na mume wa namna hiyo. Akaomba matawi yaliyokatwa, akayatia ndani ya foronya iliyolowa maji, akarudi nayo nyumbani juu ya kapu la nguo chafu. Alipofika, mmea ulikuwa umeshapata jina: Mkaidi.

Watu wengine wangechukua jembe. Yeye alichukua shuka. "Ardhi tupu ni kama godoro lisilotandikwa," aliniambia. "Mimi siwezi kuiangalia." Alikuwa na shuka kuukuu alizopewa, zimechakaa mpaka unaona mkono wako kwa upande wa pili. Akazitandaza mteremko mzima, kuanzia chini kwenda juu, kila moja ikilalia upindo wa mwenzake, ili maji yapite juu yake kama yanavyopita kwenye vigae. Kazi yangu ilikuwa spoki. Nilizikata spoki za baiskeli zilizokufa, nikazikunja kwa plaizi kama pini za nywele, tukabana shuka kwenye udongo. Kisha akapanda na mkasi. Mahali pa kila mche alichana kitambaa kidogo, akamchomeka Mkaidi, akamkandamiza kwa kiganja, halafu akalainisha kitambaa kuzunguka shina kama anayemfunga mtoto kifungo cha shingoni.

Mimi nilikuwa juu, chini ya ukuta wa Mwalimu, nimeshika kamba ya kuanikia ambayo alijifunga kiunoni asije akateleza. Mwalimu akachungulia.

"Mama Pasi! Mteremko unaumwa? Mbona umeulaza na mashuka?"

"Mafundi wako waliuvua nguo, Mwalimu. Mimi nausitiri tu."

Kichwa cha Mwalimu kilishuka nyuma ya ukuta taratibu, kwanza kidevu, kisha miwani. Neno lile lilimwingia.

Mtaa nao ulipata la kusema. Muuza mkaa alipita na mkokoteni, akasimama, akapiga kelele, "Mama Pasi kautandikia mlima kitanda! Bwana harusi anakuja lini?"

"Anakuja mvua ikija," akamjibu, "na wewe hujaalikwa, una vumbi."

Wiki za mwanzo alimwagilia kwa maji ya mwisho ya kusuuza, yaliyokwisha sabuni, kikombe kwa kila mche. Mkaidi alinuna kwanza, majani yakalegea, tukadhani tumeshindwa. Kisha akaamua. Akatoa mikono mirefu myembamba, ikawa inatambaa juu ya shuka na kutafuta mwanya. Mama Pasi akanifundisha kuifuata: tafuta kifundo, chana kitambaa chini yake, bana kwa spoki, ondoka. Ukirudi baada ya muda ukiivuta, inakuvuta na wewe.

"Ameshika," alikuwa akisema, na uso wake wote unakunjuka.

Jioni, akishaanua nguo, alisimama uani mikono kiunoni akimkagua kutoka chini hadi juu, kama anayetafuta doa. Binti yake alimwambia hata baba hakuwahi kutazamwa hivyo. "Baba yako hakuwahi kutulia mahali pamoja," akasema.

Katikati ya kiangazi dada yake wa mji mwingine akafanyiwa upasuaji wa tumbo, ikabidi aende kumuuguza. Asubuhi ya safari alituita uani.

"Mkaidi ameshashika. Asimwagiliwe. Mmenisikia? Hata tone. Nikirudi nitajua."

Tukaitika wote. Mke wangu aliitika kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mimi pia niliondoka siku zile. Nilikuwa nimepata kazi ya kutengeneza baiskeli za wasambazaji wa maziwa, mbali kidogo na mji, na nilirudi karibu pamoja na Mama Pasi. Kwa hiyo yaliyotokea nilisimuliwa, na kila mtu alinisimulia la mwenzake kwa raha zaidi kuliko lake.

Mke wangu alikwenda asubuhi moja kufungua madirisha ya mama yake yapate hewa. Akaona jani moja limekunja ncha. Jua lilikuwa linachoma hata kivuli. Akaikumbuka ghorofa ya tatu, akasema moyoni kikombe kimoja hakiwezi kumuua mtu. Kesho yake vikombe viliongezeka. Baada ya hapo akaona vikombe vinamchelewesha, akachukua ndoo.

Mwalimu, huko juu, neno la kuvua nguo lilikuwa bado linamchoma. Kila adhuhuri akawa anateremsha mpira wa maji juu ya ukuta na kuuacha utiririke, huku yeye akisoma gazeti kivulini. Akifika kwenye tangazo la mwisho, anafunga bomba.

Na jioni kulikuwa na mtu wa tatu, ambaye kwa wakati huo hakuna aliyemdhania.

Hakuna aliyejua habari za mwenzake, na shuka ziliwasaidia kufichana. Juu zilikauka upesi kwa jua; chini zilishika maji kama nepi. Mkaidi akaanza kugeuka njano. Mke wangu akadhani ni kiu, akaongeza ndoo. Mwalimu naye akadhani ni kiu, akarudia gazeti kutoka mwanzo. Mgonjwa anazama, na wauguzi wanamnywesha.

Mama Pasi aliporudi mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Sote tulikwenda kumpokea. Hakuingia ndani. Aliweka mkoba wake ukingoni mwa karo, akapanda hatua chache, akainua pembe ya shuka, akanusa.

Harufu ile anaijua kuliko mtu yeyote. Ni harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa kabatini. Akauvuta mche mmoja. Ukaja bila kubishana, shina jeusi, mizizi inateleza kama kipande cha sabuni kilicholala majini.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mche mapajani, akawa anaunyoosha majani kwa kidole gumba, moja moja.

"Nani?" akauliza.

Mke wangu akaanza kulia. "Ni mimi, mama. Lakini kidogo tu. Asubuhi tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ndoo."

Kikohozi kikasikika juu ya ukuta. Kichwa cha Mwalimu kilionekana kuanzia miwani kwenda juu.

"Mama Pasi, siwezi kumwacha binti abebe mzigo peke yake. Adhuhuri ni mimi. Kwa mpira."

"Mwalimu! Hata wewe, mtu mzima?"

"Nilitaka nisaidie kusitiri nilichovua."

Mama Pasi akafumba macho, akayafumbua. Akanyoosha kidole. "Ndoo inafika hapo. Mpira unaishia pale. Lakini huku chini kabisa, mkabala wa mlango wa jiko, ndiko kulikooza kuliko kote. Huku ni nani?"

Nikaona shingo ya shemeji mkubwa inabadilika rangi. Alikuwa analitazama tangi la maji kama ameombwa alipime.

"Dumu," akasema.

"Dumu gani?"

"Lile la njano. Jioni, nikitoka kazini."

"Wewe!" Mke wangu akasahau kulia. "Wewe unayetaka ahame! Ulikuwa unamwagilia?"

"Nataka ahame akiwa amekubali," akasema shemeji, akipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa shati. "Akishindwa kwa sababu ya jua, atakuja kwangu aninunie mpaka mmoja wetu azikwe. Huyu mimi namjua. Nikaona afadhali hicho kimea kishike, yaishe."

"Kwa hiyo mmemuua kwa mapenzi," akasema Mama Pasi. "Asubuhi, mchana na jioni, kama dawa ya hospitali."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani alichojaribu kukizuia. Kikatushinda wote. Mama Pasi naye alicheka mpaka akajishika mbavu. Lakini alipomaliza kufuta macho alimgeukia mwanawe.

"Na makubaliano?"

"Yako pale pale, mama."

Hakumlaumu. Aliinuka, akaingia ndani na mche wake mfu mkononi, na siku ile hakufua kitu. Mke wangu aliniambia tukiwa njiani kurudi kwamba tangu azaliwe hajawahi kuiona siku ya namna hiyo.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na gurudumu mikononi nilipoona kivuli cha Mama Pasi mlangoni pa karakana yangu. Alikuwa hajawahi kuja pale. Husema grisi inamwangalia vibaya.

"Mwanangu, chukua spoki zote ulizonazo. Njoo."

Alinipeleka pembeni kabisa mwa ua, kwenye kifusi cha matofali kilichobaki tangu nyumba inajengwa. Mkaidi alikuwa ametorokea huko. Mikono yake ilikuwa imepenya chini ya upindo wa shuka ya mwisho, ikavuka mtaro mkavu, ikapanda kifusi ambako hakuna aliyefikiria kumwaga hata tone. Alikuwa amenona, kijani cha chupa, amekumbatia matofali.

"Mtazame mhuni huyu," akasema Mama Pasi. "Sisi tuko msibani, yeye yuko harusini."

Tulikata kila tawi lenye kifundo, tukaacha yale yaliyokwisha kushika upande ule. Waliomwagilia walipangiwa adhabu. Mke wangu aling'oa vilivyooza. Mwalimu alizunguka mtaa mzima kwa fimbo yake ili ashuke mpaka kwetu, akapewa kigoda na plaizi, akawa anakunja spoki na kuzichunguza kama anasahihisha mitihani. Shemeji alikuja kila alipotoka kazini, akachimba mitaro midogo ya kutoa maji.

Mama Pasi alijua kwamba matawi yale hayatakuwa yameshika mvua ikianza. Lazima kitu kingine kilizuie tope wakati Mkaidi anajifunza kutembea. Akachukua shuka zilizobaki, akazikunja kwa urefu, akanipa ncha moja.

"Tunakamua," akasema.

"Mbona ni kavu, mama?"

"Kamua tu."

Tukasokota, yeye kushoto mimi kulia. "Sokota, mwanangu! Unaikamua au unaisalimia?" Shuka zikawa ngumu kama magogo. Tukazilaza kukingama mteremko, moja juu, nyingine chini yake, tukazipigilia spoki, na nyuma ya kila moja tukampanda Mkaidi. Kisha Mama Pasi akang'oa kishikio cha bomba la uani, akakitia mfukoni mwa aproni yake, akatutazama mmoja mmoja.

Mvua kubwa ilikuja Jumapili mchana, tukiwa wote kwake kwa chakula. Shemeji alikuwa amekuja na gari, na kabla ya kuingia ndani alikuwa ameondoa tairi la akiba na vifaa vyote kwenye buti. Hakuna aliyelitaja buti lile tupu, lakini kila mtu aliliona. Mama Pasi alitoa vyombo mezani, akatandika blanketi la kupigia pasi, akaanza kunyoosha foronya. Bati likapiga kelele mpaka hatusikilizani. Akamaliza foronya, akaikunja, akaikunjua, akaipiga tena.

Shemeji akaenda jikoni kuchungulia dirishani. Nikamfuata. Maji yalikuwa yanashuka mekundu. Upande wa kifusi, kwa Mkaidi wa zamani, yalipita juu ya majani na kutoka karibu meupe. Upande wa juu shuka zilizosokotwa zilikuwa zimefura, tope limejaa nyuma yake na kutulia. Lakini chini kabisa, mkabala wa mlango, shuka moja ilikuwa inatikisika kama mtu anayevuta pumzi ya mwisho. Pini zake zilikuwa zinatoka.

"Inaachia," nikasema.

Shemeji alivua viatu, akaviweka juu ya kizingiti cha dirisha, akachomeka soksi ndani yake, akakunja suruali, akafungua mlango, akatoka. Nikatoka naye. Aliilalia shuka ile kwa tumbo, shati la Jumapili na yote, huku mimi nikipigilia spoki mpya kwa jiwe. Tope likatufikia magotini. Mtu yule mkimya, ambaye buti la gari lake lilikuwa linasubiri, alikuwa analifokea tope kama mbwa aliyeingia dukani.

"Rudi! Rudi juu! Mshenzi wewe, nimesema usipite!"

Likapita kidogo. Lingine likasimama. Baadaye mvua ikachoka, ikabaki manyunyu. Mteremko ulikuwa umesimama, shuka zimeshika, na huku na huku majani ya kijani yalikuwa yamechungulia juu ya tope. Tukageuka kurudi.

Mlango tuliuacha wazi. Tope la uani lilikuwa limefika kizingitini, na mahali pamoja ulimi wake mwembamba, upana wa kiganja, ulikuwa umepanda kizingiti na kulala sakafuni, ndani ya jiko.

Shemeji aliuona wakati mmoja nami. Tukatazamana. Kabla hatujafanya lolote tukasikia ndara za Mama Pasi.

Alisimama katikati ya jiko, foronya mkononi, mke wangu nyuma yake. Akautazama ulimi ule. Huyu ni mtu anayelitazama doa la koti na kukuambia kama mwenyewe alikuwa amekaa au amesimama lilipomwagika. Hata mimi niliona kwamba tope lile liliingia lenyewe, kwa miguu yake.

"Limeingia," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nini?" akauliza shemeji.

"Tope. Limeingia jikoni. Tulikubaliana."

"Hilo?" Shemeji akaingia, akasimama juu yake, miguu mitupu, myekundu mpaka magotini. "Hilo ni la viatu vyangu, mama. Nimeingia nalo mimi."

Mama Pasi akaitazama miguu yake. Kisha akatazama dirishani, ambako viatu vilikuwa vimekaa vikavu, vyeusi, soksi ndani. Akavitazama muda mrefu. Mke wangu akafungua mdomo, nikamkonyeza, akaufunga.

"Viatu vyako," akasema Mama Pasi.

"Ndiyo, mama."

"Hivyo."

"Hivyo hivyo."

Kidevu chake kilitikisika kidogo, akakibana. Akaikunja foronya mara mbili, upindo kwa upindo.

"Na umri wote huo," akasema, "unaingia jikoni kwa mama yako na viatu vichafu. Nilikulea hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi chukua tambara."

Mtunza ghala akapiga magoti. Mama Pasi akavuta kigoda, akaketi karibu yake, akawa anamwonyesha kwa kidole. "Hapo. Na hapo pembeni. Usizungushe, unalitawanya tu, vuta upande mmoja. Likamue hilo tambara, linadondosha." Shemeji alifuta, akasuuza, akafuta tena, jasho na maji ya mvua vinamtiririka usoni. Mwisho akainua kichwa.

"Mama, si pameshakuwa safi?"

"Kwako pengine pangekuwa safi," akasema Mama Pasi. "Hapa ni kwangu."